Nani Alianzisha Pombe ya Kwanza

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza, na simu ziwe pembeni. Mimi sikukaa sana shuleni. Masista walinifundisha kusoma na kuandika, halafu mama akasema jiko nalo lina masomo yake, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo nitaandika jinsi ninavyosema, na asiyependa afunge.

Juzi mlikuwa mnabishana kwenye baraza yangu juu ya ulimwengu. Mmoja wenu, aliyerudi kutoka chuo kikuu, alisema kwamba vyote hivi, ziwa, milima, jua na nyota, vilianza kama kitu kidogo kuliko punje ya mtama, kikawa cha moto sana, kikavimba, na mpaka leo kinavimba. Mwingine akasema huo ni uongo, ni Mungu tu. Mkapandisha sauti. Halafu mkanigeukia, mimi bibi yenu: "Koko, weye unasema nini?" Nikawaambia mnyamaze, mle, bugali inapoa.

Mlifikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nazuia kicheko. Jambo hilo la mwanzo wa ulimwengu likinishika sinyamazi haraka, na mkubwa wa nyumba hachekicheki mbele ya watoto wenye midomo iliyojaa. Sasa niko peke yangu na kalamu, hakuna anayeniona. Nitawaambia jinsi swali hilo lilivyoingia katika nyumba ya mama yangu hapa Uvira, na jinsi lilivyokaribia kumfukuza wifi yangu.

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Mji mzima ulikuwa kama mtu aliyekunywa kabla ya kula. Watu walisalimiana, wakaachana, wakarudi kusalimiana tena. Wanawake waliokuwa wamenuniana kwa sababu ya kuku walibebeana ndoo. Baba yangu, mvuvi wa ndagala, alirudi kutoka ziwani akiimba nyimbo zisizo na maneno. Na hakuna aliyejua vizuri huo uhuru utakuja na sura gani. Mzee mmoja alisema siku hiyo sokoni mtu atachukua anachotaka. Mwingine alisema Wabelgiji wataacha nyumba zao wazi na kila mmoja wetu atachagua chumba.

"Minye nitachagua jiko," mama alisema. "Hivyo vyumba vingine mutafagia nyinyi wenyewe."

Jambo moja tu lilikuwa na hakika: siku hiyo watu wa njia yetu watakula pamoja. Kila nyumba iliahidi kitu. Huyu samaki, yule mihogo, yule mbuzi. Mama aliahidi kasiksi, yaani pombe ya ndizi, kwa sababu hapakuwa na mwanamke wa kumshinda kwa kasiksi tangu kwetu mpaka kule barabara inapoingia bondeni.

Siri yake wote waliijua. Ilikuwa ni muvure. Muvure ni gogo lililochimbwa kama mtumbwi, na humo ndani ndimo pombe inamolala mpaka iamke. Wetu ulikuwa mweusi ndani, mweusi wa kung'aa. Haukuoshwa. Mama aliusuuza kwa maji kidogo tu, na machicha yaliyoganda kwenye mti aliyaacha palepale, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamsha pombe mpya. Aliupata kwa mama yake, naye mama yake aliupata kwa mama yake. Mama alikuwa akisema: "Pombe inazaliwa na pombe. Hakuna pombe bila mama." Tuliamini hivyo kama tunavyoamini kwamba mtoto hazaliwi na jiwe.

Sasa wifi. Kaka yangu alikuwa akipandisha chumvi na ndagala milimani, na huko Bijombo alimwona binti wa watu wa ng'ombe, akaacha kufikiria chumvi. Baba ya binti alikuwa mzee wa kanisa. Pombe haikuwahi kuvuka mlango wake. Aliikataa ndoa hiyo muda mrefu, na alipochoka kukataa alimwambia binti yake: "Nenda. Lakini siku utarudi hapa na mabunda yako, hautashuka tena." Yule mzee alikuwa mtu wa neno moja.

Wifi alikuwa mrefu, na kicheko chake kilianzia magotini. Mimi nilikuwa msichana wa kuanza kutazamwa na wachumba, na nyumbani nilikuwa sina mwenzangu. Alipokuja, nyumba ilipata madirisha. Tulicheka tukipepeta, tulicheka tukianika ndagala, mpaka mama akatutenganisha kwa kazi, huyu huku, yule kule. Tukawa tunacheka kila mmoja upande wake.

Huko kwao binti anapimwa kwa chombo cha maziwa. Kinasuguliwa kwa mchanga, kinamwagiwa maji ya moto, kinaanikwa, halafu kinafukizwa kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri. Chembe ya maziwa ya jana ikibaki ndani, maziwa ya leo yanaharibika, na nyumba nzima inapata aibu.

Mnaona tunakokwenda.

Mama alipanda kamiyo ya mizigo kwenda Luvungi kutafuta mtama mzuri. Ndizi zilikuwa tayari ndani ya shimo, zimefunikwa majani, zinaiva. Wifi hakuagizwa kitu. Aliutazama ule muvure, akaona mama mkwe wake ni mama mzuri lakini amezeeka, hana nguvu ya kusugua. Akataka kumfurahisha. Mimi nilikuwa ufukweni na ndagala za baba. Niliporudi nilidhani tumeletewa muvure mpya. Ulikuwa mwekundu ndani kama ulimi wa mtoto, na ulinukia moshi mtamu.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimeosha," alisema, mikono imemtoka malengelenge. "Minye sijaona chombo cha kinywaji kichafu sawa hiki. Uliza ile maji ilitoka humu. Hata migomba imeshituka."

"Ilipaswa kuwa hivyo."

"Ilipaswa kunuka?"

"Ndiyo, ilipaswa kunuka."

Akanitazama aone kama natania. Baba alitokea nyuma yetu, akainama, akaingiza kichwa chote ndani ya muvure, akavuta pumzi. "Tunaweza kubatizia mutoto humu," alisema. Hapo nilicheka, Mungu anisamehe, kwa woga nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi akacheka kwa sababu mimi nacheka. Tulikuwa bado chini mama alipoingia na mtama kichwani.

Alitua mzigo polepole. Akatia mkono ndani ya muvure, akapapasa kama mtu anayemtafuta mtoto kitandani.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Ile ya mama yangu. Iko wapi?"

Wifi akaonyesha kwenye migomba. Sasa hakuna aliyecheka.

Jirani mmoja, aliyesikia kimya chetu kikipita juu ya ukuta wa matete, alisema atatuletea machicha yake. Mama akakataa. Ni lazima mjue desturi yetu. Mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya watu wote, ili waone hakuna ubaya ndani, ndipo wageni wanywe. Ukiomba machicha kwa mwingine, pombe inayotoka ni yake, na yeye ndiye ataonja. Mama alikuwa ameonja kwanza katika kila karamu ya njia yetu. Asingesimama kando siku ya uhuru amtazame jirani akifuta midomo.

Akamwambia wifi, bila kupaza sauti: "Tutakamua, kwa sababu ndizi hazingojee muntu. Tutatia mutama. Ikikataa kuamuka, siku ya karamu nitawaambia watu sababu, na weye utapanda mulima na mabunda yako."

"Mama," kaka alisema, "ukimurudisha, baba yake hatamuacha ashuke tena."

"Ndiyo, njo vile nilisikia."

Basi tulikamua. Tulizikanda zile ndizi kwa majani makavu mpaka maji yakatoka, tukachuja, tukamimina, mama akatia unga wa mtama ulioota ukakaushwa, tukafunika kwa majani ya mgomba. Mama alifanya kazi yote kwa heshima, kama mtu anayemvika maiti nguo nzuri. Halafu akakaa na mgongo wake kwa muvure. Wifi alibaki amesimama. Nilimwona anafikiri, na wifi akifikiri alikuwa hatari.

"Mama, samahani. Muvure huu mama yako aliamusha pombe yake na nini?"

"Na machicha ya mama yake."

"Na yule mama yake?"

"Ya mama yake."

"Na yule?"

"Weye mutoto, unataka kunipeleka wapi?"

"Ninataka kufika kwa yule wa kwanza, mama. Yule alichimba gogo lake, likiwa jipya, jekundu, sawa hili. Huyo hakukuwa na mama wa pombe. Na alikunywa."

Baba, aliyekuwa akishona wavu, akaacha kushona.

"Huyo alipewa na Mungu," mama alisema.

"Huko kwetu niliuliza Mungu alikuwa wapi kabla hajaanza," wifi alisema. "Baba alinipiga fimbo. Lakini fimbo haikujibu."

Hapo ndipo swali lilipotoka nje ya nyumba yetu, na mimi ndiye niliyelitoa, kwa sababu nilikwenda ufukweni nikalimwaga kati ya wanawake. Watu waliokuwa tayari wamelewa uhuru walilipokea kama ngoma. Kama pombe ya kwanza haikuwa na mama, dunia ya kwanza je? Muuza mihogo alisema dunia ilikuwapo siku zote, haikuanza, ni sisi tunaokuja na kuondoka. Mke wa fundi seremala alisema hapana, kila kitu kina fundi wake. "Na fundi wako alitoka wapi?" wakamuuliza. "Kalemi," akasema, na tukaanguka kwa kicheko, ndoo zikamwagika.

Wengine wakahamia kwenye uhuru wenyewe. Jana haukuwapo, kesho utakuwapo: nani aliuanzisha? Mzee mmoja alisimama akasema ni yeye. Siku moja, zamani, alikataa kuvua kofia mbele ya Mzungu, na tangu hapo mambo hayakutulia. "Mzungu mwenyewe alikuona?" mwanamke mmoja akauliza. "Alikuwa amenipa mgongo," mzee akasema, "lakini alisikia."

Katekista akaja nyumbani, akijidai amekuja kutuombea, kumbe kutazama muvure. Wifi akamkamata palepale.

"Baba katekista, Mungu alianzishwa na nani?"

"Mungu hana mwanzo, binti yangu. Yuko tu."

"Basi kiko kitu kinaweza kuwa bila kuanzishwa."

"Kimoja tu."

"Kimoja kikiweza, kwa nini pombe ya mama isiweze?"

Katekista alitazama muvure, akatazama mbingu, akatazama tena muvure. "Nitamuuliza padri," alisema. "Lakini ikiamka, munihifadhie kidogo kwa ajili ya kufikiri."

Hayo yalikuwa mazuri. Lakini muvure ulikuwa kimya. Mimi na wifi tulilaza masikio juu ya mti, yeye upande huu, mimi upande ule, na tulichosikia ni mioyo yetu wenyewe. Kasiksi ya mama ilikuwa ikianza kunong'ona siku ileile. Hii ilipitisha siku, ikapitisha nyingine, iko kimya tu, kama maji ya kisima. Kaka hakula. Wifi alikunja nguo zake, akafunga bunda, akaliweka nyuma ya mlango mahali ambapo kila aliyepita aliligusa na mguu. Hakulia. Alikuwa anakuja kwenye muvure, anainua jani kidogo, anatazama, analirudisha. Wakati mmoja nilimsikia akiuambia: "Hauna mama. Na mimi wangu iko mbali. Jikaze."

Ilikuwa mchana wa jua kali, kesho yake karamu. Mimi nilikuwa nimelaza sikio juu ya mti kwa sababu pale palikuwa baridi, si kwa sababu bado nilitumaini. Na nikasikia kitu. Kidogo sana. Kama mtu aliyelala anayeachia midomo: pu.

Nilimwita wifi kwa mkono. Akalaza sikio. Tulitazamana juu ya ule muvure, macho kwa macho, hatupumui. Pu, ikasema. Halafu kimya kirefu. Halafu pu, pu. Tukainua jani. Katikati ya yale maji yaliyolala kulikuwa na tone moja la povu, dogo kama jicho la ndagala, nalo lilikuwa linatutazama. Likapasuka. Mahali pake yakaja mawili.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Kichwa changu kilizunguka. Nilikuwa nimesimama kwenye ua wa mama yangu, karibu na kuku, na nilijiona kama niko mahali pale pa kwanza kabisa ambapo hakuna kitu, na kitu kinakuja. Hakuna aliyekigusa. Hakuna aliyekiita. Wifi alishika kiuno changu, mimi nikashika chake, tukazunguka, tukacheka, tukakanyaga kuku, tukaanguka kwenye majani ya mgomba, hatukuweza kusimama tena. Povu nalo lilikuwa linavimba, linapanda, jua linapita ndani yake, na kila tone lilikuwa na ua mzima ndani, na nyumba, na sisi wawili tumepinduka miguu juu.

Mama alitoka jikoni na mwiko. "Nani amekufa?"

Wifi alionyesha tu. Mama akaja. Akalaza sikio lake juu ya mti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, maana zamani alikuwa na hakika. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka povu likamgusa kitambaa.

"Nani alitia kitu?"

"Hakuna muntu, mama."

"Mulienda kwa jirani?"

"Tuapie?"

Akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. "Hii si pombe ya mama yangu," alisema. Na kweli haikuwa. Ilikuwa kali zaidi, na mbali kabisa, mwisho wa ulimi, ilikuwa na ule moshi wa milimani.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mguu wake kwenye lile bunda. "Sasa ni ya nani?" akauliza polepole.

Mama akafuta kidole kwenye kitenge chake. "Ya huyu," akasema, akielekeza mwiko kwa wifi. "Yake haina mama. Yeye njo mama yake. Toa hilo bunda kwenye njia, watu watajikwaa."

Kesho yake, watu wote wa njia yetu wamekaa, ngoma zimenyamaza kidogo, mama akatangaza kwamba kasiksi ni ya mke wa mtoto wake. Na mwenye pombe, mnakumbuka, anaonja kwanza. Binti wa mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kugusa pombe, alisimama mbele ya watu wote na kibuyu mkononi. Alinitazama. Niliuma kitenge changu. Akanywa. Halafu akapiga chafya kubwa sana, akasema: "Sasa iko uhuru," na watu walianza kucheka na nadhani wengine hawakuacha mpaka jua lilipozama. Katekista alifikiri sana siku hiyo. Alibebwa kwenda nyumbani akiwa bado anafikiri.

Ilipita miaka michache, yakaja maasi. Hayo wengine wameandika, mimi nitasema tu yaliyotugusa. Watu wenye mikuki na majani vichwani waliingia mjini, askari wakaja nyuma yao, na sisi tukaacha muvure mahali ulipokuwa, tukapanda mlima kwa baba ya wifi. Yule mzee alitupokea bila maneno mengi: wifi hakuja na mabunda, alikuja na mumewe, kwa hiyo lile neno lake halikumhusu. Akampa mama maziwa katika chombo cha mti. Mama alikuwa amechoka, miguu imevimba, hajui mwenzake yupi yuko hai. Alikipeleka chombo mdomoni. Akasimama. Akanusa ndani, akanusa tena, halafu akaanza kucheka, mama yangu ambaye alikuwa hacheki, akacheka mpaka maziwa yakamwagika.

"Nini?" mzee wa kanisa akauliza.

"Ni muvure wangu," mama akasema. "Ni muvure wangu kabisa." Akamshika wifi mkono, na mzee yule hakuelewa kitu, na hatukumweleza, kwa sababu tulikuwa wageni wake.

Tuliporudi, muvure ulikuwa umepasuliwa kuni. Tulikuta vipande viwili na majivu. Mimi nililia. Mama alitazama majivu, akamgeukia wifi. "Ile ya kwanza," alisema, "mulisema ilianza namna gani?"

"Hatukujua, mama. Tulingoja tu."

"Basi tafuteni gogo."

Sasa mmenielewa kwa nini nilinyamaza pale barazani. Yule wa chuo kikuu aliniambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba hata mahali patupu kabisa si patupu, kuna kitu kinachotikisika humo bila kuonekana. Alidhani nitambishia. Nilimwamini mara moja. Niliwahi kulaza sikio juu ya mahali hapo. Labda mwanzo ulikuwa kwenye mtama, labda kwenye upepo wa ziwa, labda kwenye malengelenge ya mikono ya wifi, labda Mungu alipita na kidole chake tusimwone. Sijui, na kutojua kwangu hakujawahi kuninyima usingizi; kunanichekesha tu.

Wifi amekwisha kutangulia. Muvure aliotafuta yeye ndio huu ulio uani kwangu, mweusi ndani, na mwaka huu mjukuu wangu analeta mke kutoka mbali, binti ambaye siijui mikono yake. Kwa hiyo niliwaita wote wa nyumba, wakubwa na wadogo, nikawaambia hivi: huo muvure hausuguliwi. Lakini mkikuta mgeni ameusugua, hakuna wa kumwambia neno baya na hakuna wa kugusa bunda lake. Tieni mtama, funikeni, mkae naye hapo mngoje.